Bangili Mguuni pa Mamba

Nilikuwa mtoto wa miaka saba, Wabelgiji bado wanatutawala, na kwetu Nyangwe hakuna mtoto asiyejua hili: mamba wa kawaida huja mtupu, ila mamba aliyetumwa na mtu huvaa bangili ya yule aliyemtuma. Bibi ndiye aliyetufundisha, nasi tuliamini kama tulivyoamini kwamba moto unaunguza.

Siku hiyo wakubwa walikuwa shambani, kwenye pamba ambayo Wabelgiji waliwalazimisha kulima. Mimi na dada yangu Zaina tukatumwa mtoni kuopoa mihogo iliyoloweshwa. Mchana kweupe! Nikainama, maji yakaruka. Niliona meno, nikaona jicho la njano, nikaona bangili ya shaba inang'aa. Kisha nikajikuta mchangani natapika maji, mkono umevimba, una alama ya bangili.

Kijijini bangili ya shaba ilivaliwa na mtu mmoja tu, Baba Sumaili, mpiga kasia, mgeni. Naye alikuwa amelowa chapachapa.

"Mimi ndiye nilimuvuta huyu mutoto," aliwaambia wazee. "Mumuulize yeye."

Wakaniuliza. Loo, nilivyojiona mkubwa siku ile!

"Bangili uliiona wapi?" Bibi akaanza.

"Mu muguu ya mamba."

"Na Baba Sumaili, ulimuona?"

"Hapana. Hakukuwa mutu."

"Mwenye macho haambiwi tazama," mzee mmoja akasema, na kesi ikaishia hapo.

"Mwanangu, sema vizuri," Baba Sumaili akaniomba. "Ilikuwa mukono yangu." Nikajificha nyuma ya Bibi. Jioni wakaichoma nyumba yake, wakamsukumia mtumbwini pamoja na mkewe mwenye mimba. Zaina alilia usiku kucha, tukadhani ni woga wa mamba.

Miaka mingi baadaye, nikiwa muuguzi Kasongo, Zaina alilala mgonjwa kwangu. Siku moja, nikimlisha uji, akanishika mkono.

"Mudogo wangu, siku ile nilikimbia, nikakuacha. Nikajificha mu majani. Nilimuona Baba Sumaili anaingia mu maji, anakukamata mukono, anakuvuta. Niliogopa kusema, wangejua nilikukimbia."

Bakuli likanidondoka. Nilimtukana dada yangu, mgonjwa, Mungu anisamehe, kisha nikakaa chini. Yeye alinyamaza, kweli, lakini aliyesema ni mimi.

Na sikusema uongo! Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Katika kazi yangu nimewaona wengi waliopatwa na mshtuko: ubongo ulioogopa hukamata kitu kimoja kwa nguvu zote, hufuta vingine, halafu pengo hulijaza kwa kile ulichokuwa ukiamini tangu zamani. Mimi nilikamata bangili. Mguu wa mamba nilikuwa nao tayari kichwani, nilipewa na Bibi.

Nilivuka mto kumtafuta Baba Sumaili. Hakuna aliyemjua, wala mkewe, wala mtoto.

Yote nimeyaelewa, nimeyakubali. Lakini wallahi, hata leo nikifumba macho, bangili ile bado iko mguuni pa mamba. Mkono ulioniokoa siuoni.