Siku Meli Yetu Ilipogonga Daraja la Lukuga

Niliondoka Pepa kwa sababu ya ndoa. Dada yangu Kalunga, anayeishi Kalemie tangu alipoolewa, alinitumia ujumbe kwa mdomo wa dereva wa kamio, lori la kubeba ng'ombe: binti yake Feza amepata mchumba, na wazee wa upande wa mwanaume wanangoja jibu. Kwetu Watabwa mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Baba anaweza kupenda au kukataa, lakini neno la mwisho ni la mjomba, na Feza hana mjomba mwingine ila mimi. Ujumbe ulikuwa na sehemu ya pili, ambayo dereva aliitoa huku akicheka.

"Mama Kalunga anasema usipande bato ingine. Panda ile kijana anatumika ndani. Umuangalie kwanza, kisha useme."

Kijana aliitwa Wilondja, Mubembe wa Fizi, kaskazini ya ziwa, baharia katika bato, meli ya mizigo. Baba yake alihamia Kalemie zamani na kujenga ng'ambo ya mto Lukuga. Pepa hatukuwa na Mubembe hata mmoja. Walionishauri nimkatae hawakuwahi kukutana na watu hao, jambo ambalo halikuwazuia kunishauri. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Niliomba ruhusa, nikamwachia mwenzangu darasa langu, nikafunga begi.

Kutoka Pepa hadi Moba tulisafiri na ng'ombe. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umelala juu ya majani ya Marungu, na tulivaa makoti. Kamio liliposhuka mlima kuelekea Kirungu tulianza kuyavua. Tulipofika chini, Moba-Port, jasho lilikuwa linatutoka na ng'ombe walikuwa wametoa ndimi nje. Abiria wa nyuma alitapika njia nzima na hakuna aliyemcheka, kwa kuwa kila mmoja wetu alikuwa akingoja zamu yake.

Bandarini Moba niliiona meli. Ilikuwa ya chuma, ya zamani, na kutu ilikuwa imekula jina lake hadi halisomeki. Walikuwa wakipakia magunia ya maharage upande wa nyuma na ng'ombe wetu upande wa mbele. Kijana mwenye mabega mapana alikuja mbio, akakutanisha viganja viwili kunisalimia.

"Jambo, mujomba."

"Sijakuwa mujomba wako bado," nilimjibu.

"Ndiyo, papa."

Alitaka kunibebea begi, nami nililishika. Hakung'ang'ania. Alinionyesha mahali pakavu pa kukaa, karibu na mama wanne waliokuwa wakienda kuuza mafuta ya mawese, kisha akarudi kazini. Nilimwangalia akivuta kamba, akifunga ng'ombe, akinyamaza kila kapiteni alipomfokea. Kapiteni alikuwa mtu mfupi, mwenye kofia nyeupe, ambaye hakupenda abiria na hakutuficha hilo.

Jioni tuling'oa nanga. Masika ya mwaka ule yalikuwa makubwa, na ziwa lilikuwa limepanda hadi kwenye miti ya pwani. Wilondja alipopata nafasi alikuja kukaa karibu nami, si karibu sana.

"Mwaka hii maji iko mingi," alisema. "Lukuga inavuta. Kapiteni anaingia Kalemie kwa woga."

Kwa wasiofika huko nieleze kidogo. Lukuga ndio mto unaotoa maji ya ziwa la Tanganyika na kuyapeleka kwenye mto Kongo. Mdomo wake uko jirani na bandari ya Kalemie. Ukiingia ndani yake kidogo tu unakutana na daraja la chuma, na juu ya daraja hilo walipita watu wote na mali yote baina ya mji na ng'ambo, kule kwenye uwanja wa ndege na njia ya kaskazini.

Nilimwuliza anampendea nini Feza. Nilitazamia anijibu kama wanavyojibu vijana mbele ya wakubwa, kwamba ni mwenye heshima, anajua kupika. Alifikiri.

"Ananichekaga," alisema, "lakini hanizarau."

Nilijifunika koti nikalala.

Asubuhi, mbele ya Kalemie, upepo ulikuwa mkali na mawimbi mafupi yenye kupiga kutoka pande zote. Nyumba za mji zilionekana wazi, na reli, na moshi wa majiko. Meli ilikuwa imekwisha kugeuka kuelekea bandarini mota ilipokohoa, ikawaka tena, ikazimika. Mekanisye, fundi wa mota, alishuka chini na kupanda tena akiwa ametapakaa mafuta, akitikisa kichwa. Kapiteni aliamuru nanga itupwe. Ilishika, meli ikasimama, nasi tukashusha pumzi. Kisha mnyororo ulikatika. Nilisikia mlio wake, mfupi, kama mtu aliyepiga kofi.

Tulianza kwenda. Upepo ulitusukuma na mto ukatupokea. Sikujua kwamba chombo kikubwa namna ile kinaweza kubebwa hivyo, bila fujo yoyote, huku pwani ikipita polepole kana kwamba tumeamua kwenda huko.

Kapiteni aliteremsha mtumbwi mdogo, akaingia humo pamoja na mekanisye na baharia mwingine. Alisema wanakwenda bandarini kutafuta msaada. Mpaka leo siwezi kusema kama alikwenda kutafuta msaada au alikimbia. Pengine hata yeye hajui. Mtumbwi ulikuwa na nafasi ya mtu mmoja zaidi, na mekanisye alimpungia Wilondja mkono. Wilondja aliwatazama mama wa mawese, akanitazama mimi.

"Nendeni," aliwaambia.

Kisha alitugeukia. "Bamama, papa, mupite nyuma. Mulale juu ya maharage, mushike kamba. Musisimame hata mukisikia nini."

Tulifanya hivyo. Lakini mimi sikulala kifudifudi. Nilitumwa kumwangalia kijana yule, na niliendelea kumwangalia.

Alikimbilia honi, haikulia. Basi alichukua nondo, akapanda juu ya paa la chumba cha kapiteni, akavuta pipa tupu la mafuta na kuanza kulipiga. Daraja lilikuwa mbele yetu, na lilikuwa na watu. Ilikuwa saa ya kwenda sokoni. Niliona wanawake wenye vikapu, wanafunzi, na kamio lililojaa abiria hadi juu likianza kuingia kutoka ng'ambo.

"Mutoke!" alipiga kelele huku akipiga pipa. "Mutoke ku daraja! Mutoke!"

Mwanzoni watu walisimama kututazama. Wengine walitupungia mikono. Halafu mmoja alielewa akakimbia, na wote wakakimbia. Dereva wa kamio alirudi kinyumenyume, na abiria wakawa wanaruka kabla halijasimama.

Alibaki mtu mmoja mwenye baiskeli. Nyuma yake alikuwa amefunga magunia ya unga wa muhogo yaliyompita kichwa. Aliiegemeza kwenye chuma cha daraja, akakimbia na wenzake. Alikuwa karibu kabisa kufika nchi kavu. Akasimama, akageuka, akairudia baiskeli yake.

Wilondja alimwona. Aliacha kupiga pipa, akamwita kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Mtu yule alikuwa ameshika usukani na anasukuma.

Tuligonga. Nilitazamia mshindo mkubwa, lakini kwanza chuma kililia, kirefu, kama mlango mzito unaofunguliwa. Kipande cha katikati kilisogea juu ya nguzo yake, kikakaa hivyo kidogo, kisha kikaenda majini na mtu yule na baiskeli. Ndipo ukaja mshindo. Pua ya meli ilikunjika, ng'ombe wakamwagika mtoni, na Wilondja akatupwa kutoka juu ya paa.

Kwenye ukingo wa mto hatimaye tulishuka. Wavuvi walituletea mitumbwi, mama wa mawese mbele, mimi nyuma. Hakuna aliyeumia sana kati yetu. Ng'ombe wengi waliogelea wenyewe, wakatoka, wakaanza kula matembele ya bustani ya mtu. Wilondja naye alitoka majini, damu ikimtiririka sikioni. Hakukaa. Alirudi mtoni na wavuvi kumtafuta yule wa baiskeli, akapiga mbizi tena na tena, mpaka mazandarma, askari wa serikali, walipokuja wakamfunga mikono. Alikuwa baharia pekee aliyeonekana. Watu waliozunguka walikuwa wanapaza sauti: "Balevi! Balikunywa pombe usiku nzima!" Nilijaribu kusema, lakini mgeni mwenye nguo zilizolowa hasikilizwi.

Nyumbani kwa dada yangu habari ilikuwa imefika kabla yangu. Shemeji yangu, Papa Kisimba, alikuwa amekaa na ndugu zake na tayari walikuwa wamekata shauri.

"Hii ndoa imekufa," aliniambia. "Mutoto wangu hawezi kuolewa na muntu aliuwa muntu. Mji nzima itatuonyesha kidole. Wewe kama mujomba, sema hivyo, tuimalize."

Nilisema nimechoka, nitajibu kesho. Feza aliniletea maji ya kuoga nyuma ya nyumba. Hakuwa analia. Macho yake yalikuwa makavu na mekundu.

"Mujomba, alikuwa amelewa?"

"Hapana."

"Ulimuona na macho yako?"

"Nilimwona tangu Moba."

"Basi usinielezee miye," alisema. "Uende useme kule wamemufunga."

Siku ya pili nilikwenda kwenye biro ya zone, ofisi ya serikali walikomfunga. Mkubwa wa pale, aliyevaa abakosti safi, ile suti isiyo na tai ya wakubwa wa serikali, alinipa kiti, akanisikiliza. Nilieleza mwanzo hadi mwisho: mota, mnyororo, mtumbwi, pipa. Wilondja alikuwa amesimama ukutani, kichwa kimefungwa kitambaa. Kwenye benchi alikaa mwanamke wa makamo, kitenge begani, na jamaa zake wawili. Alikuwa Mama Mwange, mke wa yule wa baiskeli. Mume wake alikuwa bado hajapatikana.

Nilipomaliza aliomba kuuliza neno moja. Mkubwa alimruhusu.

"Papa," aliniambia, "bwana yangu alisikia ile pipa?"

Nilijua anachokiuliza. Nikisema hakusikia, mume wake alikufa bila kujua, na kosa ni la kijana. Nikisema alisikia, ningekuwa namwambia mjane mbele ya watu kwamba mume wake alikuwa amepona, akarudi. Wilondja alinitazama na kutikisa kichwa polepole. Nilielewa kwamba ananiomba nisiseme.

"Alisikia, mama," nilisema. "Alikimbia na wengine. Alikuwa karibu kufika. Kisha alirudia baiskeli."

Jamaa yake mmoja aliinuka kwa hasira, akasema namtukana marehemu. Mama Mwange alimshika mkono akamkalisha.

"Angerudi tu," alisema. "Ile baiskeli njo ilisomesha batoto. Hangeweza kuiacha. Miye namujua." Alijipangusa uso kwa ncha ya kitenge, kisha akamgeukia mkubwa. "Huyu kijana alimuita. Mumuachilie, akanisaidie kumutafuta."

Hawakumwachilia siku ile. Alitoka baada ya kapiteni kurudi mwenyewe na kueleza yake, ambayo kwa sehemu kubwa yalifanana na yangu. Alipotoka hakupitia kwa Feza. Alikwenda moja kwa moja mtoni, na yeye na wavuvi wakaupata mwili chini, mahali ambapo mto unapinda kwenye matete. Mazishini alisimama nyuma kabisa, na hakuna aliyemsemesha, mpaka Mama Mwange alipomwashiria ashike koleo.

Kalemie bila daraja ulikuwa mji mwingine. Watu waliovuka kila siku bila kufikiri sasa walipanga mistari ukingoni wakingoja mitumbwi, kisha wakavuka mikono yao ikishika kando mbili za chombo. Ndugu waliitana kutoka pande mbili za maji kwa kelele. Baba yake Wilondja alivuka hivyo siku ya maneno ya ndoa, amesimama katikati ya mtumbwi, amevaa koti, viatu mkononi. Papa Kisimba alimpokea kwa baridi, lakini alimpokea.

Waliponipa nafasi nilisema kwa kifupi kwamba mimi, mjomba, ninakubali. Shemeji aliniuliza mbele ya wote kama nimefikiri vizuri. Nilisema ndiyo. Feza alikuwa ndani na wanawake. Nilisikia mmoja wao akipiga kigelegele, kisha akanyamazishwa, kwa sababu msiba ulikuwa bado mbichi. Wilondja alikuja kupiga magoti.

"Aksanti, mujomba," alisema, na safari hii sikumrekebisha.

Kurudi nilipanda meli nyingine. Tulipotoka bandarini abiria wote walihamia upande mmoja kutazama mdomo wa Lukuga, nguzo mbili zilizosimama na uwazi baina yao, na wengi walieleza jinsi ilivyotokea, wakiwa na hakika sana. Nilikaa juu ya magunia ya mahindi nikawasikiliza. Moba nilipata kamio, na kwenye kilima cha Kirungu tulianza kuvaa makoti yetu tena.

Hapa Pepa wananiuliza kama nilifanya vema kumpa mtoto wetu mtu nisiyemjua, mgeni, tena aliyekuwa kwenye meli ile. Wengine wanasema nilimhurumia. Sikumhurumia. Ni kweli kwamba simjui. Sijui kama ana hasira nyumbani, kama atazeeka vibaya, kama atampenda Feza watakapokuwa hawana chumvi. Hayo hakuna mjomba aliyewahi kuyajua siku ya kutoa neno. Lakini nilimwona yuko juu ya paa, mtumbwi aliokataa kuupanda umekwisha kwenda, anapiga pipa kwa ajili ya watu waliokuwa wanampungia mikono. Wajomba wengi hutoa neno wakiwa wameona kidogo kuliko hapo.