Kudra Akaanga Perege Maghala Yakiungua

Mwaka wa vita vya Maji Maji, askari wa Wajerumani walichoma maghala ya mpunga katika kijiji cha Kudra, karibu na kivuko cha mto Kilombero. Mumewe alikuwa amekwisha kuchukuliwa na askari hao awabebee mizigo. Kudra akakimbilia kwenye matete pamoja na mama mkwe wake, Bi Chiku, ambaye hakuwa amekula tangu jana na miguu ilikuwa haimbebi tena.

Jioni Kudra alinasa perege wawili kwa mikono kwenye dimbwi lililokuwa likikauka. Akatoa kikaango cha udongo, chombo pekee alichookoa, akakusanya matete makavu.

"Usiwashe moto, mwanangu," Bi Chiku akanong'ona. "Wataona moshi."

"Kijiji kizima kinafuka, mama. Nani ataujua wetu? Kesho hakutakuwa na moshi wa kutuficha. Napika sasa."

Akawasha kwa kaa la moto aliloliokota kwenye ghala lake mwenyewe. Akawapasua samaki mgongoni kwa kipande cha tete chenye makali ili waive upesi, akawalaza kikaangoni, ngozi chini, bila mafuta wala chumvi. Sauti za askari, waliokuwa wamevuka mto baada ya kuchoma kijiji, zilisikika ng'ambo. Hata hivyo hakuwageuza samaki mpaka ngozi ilipokauka na kubanduka.

Bi Chiku alimaliza perege wake, akalamba vidole. Kisha akashika bega la Kudra, akasimama.

"Twende milimani kwa kaka yangu," akasema. "Nitatembea."

Wakaondoka kabla askari hawajavuka kurudi, Kudra akila perege wake njiani.