Manyanda na Tangi la Kioo

Manyanda alifika dukani kwa Queen saa tatu asubuhi. Kufikia saa tatu na nusu alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja mara tatu, amesimama mlangoni mara nne, na ameshaenda hadi stendi na kurudi. Huko stendi alinunua sigara moja. Hakuiwasha. Aliitia kwenye mfuko wa shati na kila baada ya muda akawa anaigusa kwa nje, kama mtu anayehakikisha tiketi yake ipo.

"Mzee, leo umekula miguu ya kuku?" aliuliza Nashon, dereva wa bodaboda anayeegesha mbele ya duka.

"Nimekula pamba ya kuungua," alisema Manyanda. "Muulize huyu binti aliyeniuzia."

Manyanda ana miaka hamsini na nne. Wazazi wake walishuka na ng'ombe kutoka Usukumani yeye akiwa mtoto. Ng'ombe walikwisha, na leo watu wa kijijini kwake, Kabungu, wanamfahamu kwa kazi moja: kukausha tumbaku. Bani, lile jengo refu la matofali ambamo majani hutundikwa juu ya mabomba ya moto, lina kidirisha cha kioo cha kuchungulia kipimajoto. Manyanda hukaa mbele ya kidirisha hicho siku sita mfululizo, na wakulima wanasema hajawahi kuharibu bani hata moja. Kuni zikiisha nguvu, anajua kabla ya kipimajoto. Hapo tu ndipo anapotulia. Kwingine kote anazunguka, na sigara mkononi, tangu akiwa na miaka kumi na saba.

Mkewe, Edina, ana pumu. Mwezi uliopita alilazwa siku mbili, na alipotoka hakurudi Kabungu. Alikwenda kwa dada yake Ilembo, akapiga simu.

"Baba Kija, ukimaliza mwezi mmoja bila sigara, narudi. Usipomaliza, nguo zangu zilizobaki mpe Kija aniletee."

Hakupandisha sauti. Manyanda anasema angepandisha, asingeogopa.

Wazo la sigara ya umeme alilipata kwa madereva wa malori. Nesi wa zahanati alimwambia wazi kwamba hiyo nayo si dawa, na kwamba asithubutu kuivuta ndani ya nyumba anamolala mwenye pumu. Alikubali. Ataivutia kwenye bani, alisema, na bani halina mke.

Queen ni fundi simu. Sigara za umeme amejifunza mwenyewe, kwa kuangalia video na kufungua zilizokufa. Siku ile ya kwanza alimwekea Manyanda matangi mawili ya sigara hizo mezani, moja la plastiki na moja la kioo. Ndani ya kila tangi hupita katomaiza, bomba dogo la chuma lililojazwa pamba, lenye waya wa kupasha joto katikati na tundu ubavuni la kuingiza maji ya kuvuta.

"Chukua plastiki, baba. Barabara ya Kabungu ina mashimo, kioo kitapasuka."

"Na plastiki haipasuki?"

"Inapasuka ukiweka maji ya mdalasini au ya limau. Yanaila."

"Basi nipe kioo. Kitu nisichokiona ndani sikiamini."

Alimchagulia katomaiza yenye tundu pana, kwa sababu maji aliyoyapenda yalikuwa mazito kama asali na tundu dogo lingeyachelewesha. Akamwonyesha namna ya kuidondoshea maji kwenye pamba kabla ya kuichomeka kwenye tangi. Manyanda aliitikia kwa kichwa, akaifunga sigara yake mpya ndani ya soksi, akapanda bodaboda ya Nashon.

Siku ya pili alirudi: inaungua. Queen akambadilishia katomaiza. Siku ya tano akarudi, akabadilishiwa tena. Siku ya nane vilevile. Kila mvuto ulimkwaruza koo kwa ladha ya nguo iliyoshika moto, na kila baada ya mvuto huo mguu wake ulianza safari ya kuelekea kioski cha sigara. Mara zote aligeukia njiani. Leo ilikuwa siku ya kumi na moja, na leo, kule stendi, alikuwa amefika.

"Unaniuzia feki, mwanangu," alimwambia Queen, akisimama tena. "Sema tu. Nitaelewa."

"Kaa kwanza, baba."

"Sikai!"

"Basi simama, lakini simama sehemu moja. Nionyeshe unavyofanya nyumbani. Usiniambie. Nionyeshe."

Alimpa katomaiza mpya. Manyanda alidondosha maji juu ya pamba, matone ishirini, kwa mkono usiotetemeka. Hapo hakukosea chochote. Kisha akaibonyeza pamba kwa ncha ya kidole, akaona unyevu, akakunja uso. Akaigeuza katomaiza juu chini, akaipuliza kwa nguvu mpaka maji yakarukia kaunta, akatoka nayo nje na kuiweka juani juu ya tangi la mafuta la pikipiki ya Nashon.

"Hee! Ndiyo nini?" aliuliza Queen.

"Naikausha."

"Unaikausha?"

"Asubuhi yote. Jioni navuta."

Queen aliweka bisibisi chini. Nashon alianza kucheka, kisha akaona uso wa mzee na kuacha.

"Tumbaku ikiwa na maji ndani inaoza," alisema Manyanda, polepole, kama anayemfundisha mtoto. "Robota zima linakataliwa sokoni kwa sababu ya kiganja kimoja cha majani mabichi katikati. Kitu cha kuvuta hakiachwi kibichi. Nimekausha miaka thelathini."

"Baba, hii si tumbaku. Ndani kuna waya wa moto. Ukiipa pamba kavu inaunguza nini? Pamba. Hii inatakiwa ilowe. Ilowe mpaka ndani kabisa."

Manyanda alikwenda kwenye pikipiki. Akaichukua katomaiza.

"Ilowe kwa muda gani?"

"Nusu saa. Bila kuivuta, bila kuipuliza, bila kuibonyeza."

Queen aliidondoshea upya, pembeni mwa pamba na si kwenye tundu la katikati, akaichomeka ndani ya tangi la kioo mpaka tundu la ubavuni likafika chini, akajaza maji na kuisimamisha juu ya kaunta. Manyanda alivuta kiti, akakaa, akainamisha kichwa usawa wa kioo. Kipovu kimoja kilitoka kwenye tundu, kikapanda. Baadaye kingine. Mkono wake uliacha kugusa mfuko wa shati, ukakaa juu ya goti.

Simu iliita. Aliweka sauti ya nje bila kuondoa macho kwenye kioo.

"Umevuta?" ilikuwa sauti ya Edina.

"Sijavuta. Lakini ninayo moja mfukoni."

"Unafanya nini?"

"Nimekaa. Nasubiri pamba ilowe."

"Wewe umekaa? Mjini?" aliuliza Edina. "Mpe simu mtu wa hapo."

Queen aliisogelea simu. "Amekaa, mama. Dakika ya kumi na nane hii."

"Hajanyanyuka?"

"Hajanyanyuka."

"Mwambie asinyanyuke," alisema Edina. Sauti yake ilikuwa imepanda. "Na Baba Kija, Jumapili naja kuangalia kuku wangu. Kuangalia tu. Zile siku zako kumi na tisa zilizobaki bado nazihesabu."

Nusu saa ilipotimia Manyanda alitoka nje, mbali na mlango, akavuta. Alisubiri koo likwaruze. Halikukwaruza. Alitoa sigara mfukoni na kumpa Nashon.

"Kavutie mbali," alisema.

Kisha akarudi ndani na kukaa.