Moshi Haiulize Nani Iko na Parseli

Kila asubuhi mama Honorine alimimina chai nusu kikombe tu. Alifunika mikono ya bwana yake Laurent na mikono yake mwenyewe, kikombe kikapanda polepole mpaka mudomoni. Kiisha anamupangusa kidevu, anashika ufagio, anafagia parseli yote, kile kiwanja na nyumba zake. Haikuwa yao. Ilikuwa ya Gaspard, mununuzi wa dhahabu, na ule ufagio ndio uliwapa chumba cha nyuma, hapa kwetu Bigo, mutaa wa Bunia.

Laurent alikuwa amechoma dhahabu miaka sita kule ku migodi ya Mongbwalu. Wanachanganya muchanga wa dhahabu na merkiri, ile dawa ya kung'aa yenye kukimbia kama maji, wanaweka ku moto. Merkiri inaenda na moshi, dhahabu inabaki. Mikono ya Laurent ilianza kutetemeka pale, na haikuacha tena.

Vita ilipofunga barabara ya migodi, wachimbaji walikimbilia Bunia na dhahabu yao bado na merkiri ndani. Gaspard akaanza kuichomea nyuma ya nyumba, hatua tano kutoka dirisha la Honorine. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa wakimbizi waliokimbia vita kule Bule, familia tatu mu nyumba moja. Sasa Gaspard alitaka kujenga jiko kubwa palepale, kwa wanunuzi wote wa mji. Baba Floribert, shefu wa avenyu, mukubwa wa njia yetu, akaita mukutano wa kuamua siku ya Yenga, ile Jumapili, kiisha misa.

Tulikuja wote, hata watoto.

"Wenye parseli ndio watanyosha mukono," Floribert alisema. "Wapangaji na wakimbizi, musikilize tu."

Gaspard alisimama, shati imepigwa pasi vizuri. "Ndugu zangu, najua munaogopa moshi. Kila siku ya kuchoma, kila nyumba itapata maziwa. Maziwa inashusha ile sumu yote. Muulize muchimbaji yeyote!"

"Ni kweli!" wachimbaji waliitika, na watu wakapiga makofi. Ng'ombe walikuwa wamenyang'anywa karibu wote mu vita. Kuna watoto pale walikuwa wamesahau maziwa iko namna gani.

Honorine akasimama. "Shefu, naomba neno."

"Mama, weye iko na parseli?"

"Hapana, baba. Niko na pua."

Watu walicheka. Yeye alingoja wamalize.

"Moshi haiulize nani iko na parseli. Inaingia tu, hata hodi haipige."

"Honorine," Gaspard alisema pole, "usisahau unalala kwangu."

"Sisahau, baba Gaspard. Ndiyo maana najua inapitia wapi."

Akamuita Laurent mbele, akamupa kikombe cha maji, kimejaa mpaka juu. "Huyu alikunywa maziwa kila siku ya kuchoma. Miaka sita. Kunywa, baba Claire."

Laurent alijaribu. Maji ilimwagika ku shati, ku suruali, ku miguu. Kikombe kilipofika mudomoni hakikubaki hata funda moja. Hakuona haya. Alikiinua juu, kitupu, kama mutu anapongeza maharusi mu ndoa. "Maziwa ya Mongbwalu ilikuwa tamu kweli," alisema.

Wachimbaji waliangalia chini. Mumoja alificha mikono mu mifuko.

Kwa nyuma, mama muzee wa Bule akasema kwa sauti: "Siye tunalala ku ule ukuta na wajukuu. Tunyoshe mukono, ao tuache kupumua?"

Floribert alivua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa tena. "Haya. Kila mutu mwenye kupumua pale, anyoshe."

Kwa Gaspard ilipanda mikono sita. Kwa upande ingine shefu hakuhesabu, aliona tu. Wakaandika: kuchoma kuende ng'ambo ya kilima, mbali na nyumba na chemchemi, na wanawake wawili wa avenyu waende kuangalia kila mara. Mama muzee wa Bule aliweka kidole yake ku karatasi, wa kwanza.

Gaspard hakupiga kelele. "Sawa. Lakini chumba ni changu. Ninakitaka leo."

Wote tuligeukia Honorine.

"Nilijua," alisema. "Nilifunga vyombo mbele misa ianze."

"Mama, ngojea," Floribert alisema. "Tutakutafutia pa kulala."

"Mutafutie hawa wa Bule, baba, wamesongamana sana. Mutoto wetu Claire iko Ariwara na bwana yake. Ananiambia kule wanachomea dhahabu katikati ya soko, na hakuna mutu anauliza. Miye nitauliza."

Alienda kuchukua kitenge chenye vyombo, akakitwika ku kichwa, akamushika Laurent mukono. Watu waliwaachia njia. Walishika barabara ya Ariwara bila kugeuka, na Bigo hawakurudi tena.