Kilio cha Watani Kwenye Mkonge

Jamani, chekeni taratibu. Juzi meneja Mzungu wa shamba letu la mkonge, hapa Kilosa, aliniagiza mimi nyapara nichunguze jinsi wakataji wanavyofanya kazi nisipokuwepo. Nikajibanza katikati ya mikonge. Kofia ikanidondoka njiani bila mimi kujua. Wakataji ni Wanyamwezi, watani zetu sisi Wasagara. Walipoiona kofia, mmoja wao, Masanja, akaangua kilio:

"Nyapara wetu kaliwa na simba! Alikuwa mkali, lakini hakumpiga mtu!"

Machozi yakanitoka kweli. Meneja, asiyejua utani, akaja mbio, akavua kofia yake, akainamisha kichwa. Ningemwachaje bwana mkubwa aniomboleze? Nikainuka ghafla. Kaptula ikabaki kwenye miiba.

Masanja akanipa kofia yangu.

"Jisitiri, mtani. Tulikuona tangu unajificha."