Mikunga ya Shizuno

Watalii wakifika Mishima hutazama Mlima Fuji, kisha huja kupanga foleni kwa jirani yangu Shizuno, ili wale mkunga wa kuchoma, yule samaki mrefu kama nyoka. Huandika kwenye simu zao: "Hapa hapabadiliki kitu. Mama yule hachoki kutabasamu." Hachoki! Laiti wangekaa dukani kwangu, ninapouza achari ng'ambo ya barabara, wakamwona anavyojikanda kiuno uani.

Kinachomfunga ni chungu cha mchuzi anaochovya mikunga. Kilianzwa na babu wa mumewe, na tangu hapo hakijamwagwa. Huongezwa tu na kuchemshwa kila siku, kisije kikachacha. Marehemu mumewe alikata roho akimwambia, "Usikiache." Aliacha chungu na mke, na mke akawa mtumwa wa chungu. Sijamsamehe mpaka leo.

Alfajiri moja bintiye Chinami, aliyeolewa Okinawa, kisiwa cha mbali kusini, alipiga simu: uchungu umemshika, mimba ya kwanza.

"Mama, unakuja au huji? Kati yangu na hicho chungu, nani uliyemzaa?"

"Nakuja, mwanangu. Naapa nakuja."

Nikamwambia, "Mama Chinami, nenda. Chungu nitakichemsha mimi."

"Wewe? Wewe unaunguza hata maji!"

Tukacheka, akakubali. Asubuhi akafunga mzigo, akaliondoa pazia la mlangoni; kwetu likitundikwa kuna chakula, likiondolewa hakuna. Nilifurahi kana kwamba ninayesafiri ni mimi.

Alipotoka na sanduku, akawakuta wazee wawili, mume na mke, wamesimama mbele ya mlango. Walitoka Sapporo, mbali kaskazini. Mume akainama mpaka kiunoni.

"Samahani, mama. Tumesoma habari zako mwaka mzima. Daktari amesema mke wangu hatasafiri tena."

"Shizuno, ndege itakuacha!" nikamkumbusha.

Shizuno naye akainama. Kwetu mtu akiinama hivyo, kumpita inakuwa kama kumkanyaga. "Sahani mbili tu," akaniambia, bila kunitazama. Akalitundika pazia.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi walio nje wakaliona pazia, na kabla wale wazee hawajapakuliwa, foleni ilikuwa imefika kwangu. Nikawapigia kelele waondoke. Wakanipiga picha, wakidhani ni sehemu ya burudani. Shizuno angeweza kuliondoa pazia tena. Kila nilipomwambia alijibu, "Hawa tu, shoga, hawa tu." Ndege ikaruka, yeye akiwa amesimama jikoni anapepea mkaa.

Alasiri simu yake ikalia. Mikono yake ilikuwa imejaa mafuta, mikunga iko motoni. "Ipokee," akasema.

"Mama?"

"Ni mimi, mwanangu, jirani. Mama yuko..."

"Nasikia alipo." Nyuma yangu wageni walikuwa wakicheka na kusifia. "Mwambie ni wa kike, mzima. Mwambie mama mkwe ndiye aliyenishika mkono, na ndiye atakayempa jina."

Akakata.

Nikamfikishia Shizuno neno kwa neno, maana sikuona la kupunguza. Uso ulimsawijika. Msichana mmoja kwenye kaunta akainua simu yake, akasema, "Mama, tabasamu kidogo!"

Shizuno akatabasamu. Kisha akageuza mkunga usiungue, akaniuliza wako wangapi nje.