Mafuta ya Moyo, Mafuta ya Ini

Muuza duka la dawa wa njia ya Newala huvaa koti jeupe hata siku ya mnada, na kabla ya kukujibu hupangusa chupa kwa kidole gumba. Tangu biashara iwe huria, rafu yake ya mbele imejaa mafuta ya samaki yenye picha ya moyo. Mafuta ya ini la samaki yako nyuma, yameshika vumbi. Jana Mama Yasinta alikuja dukani kutoka Chiwata na mwanawe Yasinta, ambaye jua likizama hujigonga mlangoni kama kipofu.

“Mpe haya ya moyo, Mama. Moyo ukitulia, macho yatafuata.”

“Yana ini?”

“Ini la nini?”

“Mtoto asiyeona jioni sisi tunampa maini. Sasa nyama sina. Nipe yenye ini.”

Muuza akapekua nyuma, akampa. Mama hajavuka barabara, chupa za ini zilishapanguswa, zimehamia mbele. Akanigeukia mimi, niliyekuja na kikohozi.

“Ndugu, chukua haya ya ini. Sisi wataalamu tunayajua siku nyingi.”

Niliona aibu kubisha. Nikarudi nyumbani nakohoa, na mafuta ya macho mkononi.